Hodi Pajani

Wagonjwa wa wodi walimwita mtaalamu wa viungo Mama wa Mazoezi, na Kabula alimjua kwanza kwa mikono: mipana, kucha fupi, inanukia mafuta ya karanga. Kila asubuhi, kabla ya kulishika paja la Kabula lililochanwa na pembe ya fahali kule Majimoto, aligonga kwa vidole viwili pembeni ya kovu. “Hodi humo ndani!” Kisha akangoja, kama mgeni mwenye adabu zake. Mama mkwe wa Kabula alishatangaza kwamba mguu umekufa. “Haujafa, mwanangu,” Mama wa Mazoezi alinguruma. “Ubavuni mwa nyuzi za msuli kuna seli ndogo zimelala. Msuli ukichanika zinaamka, zinazaana, zinaungana na nyuzi kuziba pengo. Ila zinataka kazi. Haya, nyanyua!” Kabula alinyanyua huku akilia, akimchukia kwa moyo wote.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi aliyokuta kitanda cha Kabula kitupu, Mama wa Mazoezi aligeuka, akamwona Kabula anaingia wodini bila gongo la kutembelea, ndoo ya maji kichwani. Vigelegele vikalipuka kitanda hadi kitanda. Mama wa Mazoezi akamsogelea, akainama, akagonga paja kwa vidole viwili. “Hodi?” Sauti ile ya kunguruma ilikuwa imekwisha kabisa.

“Karibu, mama,” Kabula akacheka, maji yakimtiririkia usoni. “Humu ndani wameshaamka wote.”