Mamba Alimkosa Baba Mkwe, Akamla Mchumba Wangu

Ndugu zangu, nimekosa, na sina wa kumlaumu. Uoga wangu kwa wakwe umeniponza! Nisikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Mimi ni mtumishi wa serikali kutoka Tabora, nimepangiwa kazi huku Mbinga. Nina mchumba, Emiliana, na posa ilishapokelewa. Kila Jumapili baada ya misa tunacheza nyumbani kwao gemu la hadithi, la mezani. Kila mmoja ana mhusika wake, anasema anataka kufanya nini, na dadu ndizo zinaamua kama kafaulu. Mimi ndiye msimulizi. Maadui wote ni wangu, na dadu zao nazirushia nyuma ya boksi ili wachezaji wasizione.

Hadithi yetu ilikuwa ya mamba mkubwa anayesumbua watu wa Ziwa Nyasa, pale Lituhi. Wachezaji walikuwa Emiliana na kaka yake, Osmund. Siku moja baba yao akavuta kiti. "Na mimi nipeni mtu wangu," akasema.

Nani angemkatalia?

Hapo ndipo nilipoharibu. Kanuni ni kwamba mamba akishambulia, dadu zikitoa kumi au zaidi, mtu kaliwa. Basi nikimrushia mzee zikatoka kumi na moja, nasema, "Amekukosa, baba!" Jumapili hii, na ile, na ile nyingine. Yaani hata mamba wangu alikuwa akimwamkia shikamoo kabla ya kufungua mdomo!

Mzee akavimba kichwa. Jumapili iliyopita akatangaza kwamba anaingia majini peke yake, bila mkuki, amkabe mamba koo. Nikarusha. Sita na sita! Nikamtazama mzee, naye anatabasamu. Jasho likanitoka.

"Amekukosa, baba," nikasema. Lakini mamba keshachokozwa, lazima ale mtu. Mdomo wangu ukaropoka, "Amempata Emiliana."

"Mimi?" Emiliana akashtuka. "Mimi niko juu ya mwamba naanika dagaa wa usipa!"

"Ameupanda."

"Mamba kapanda mwamba?" Osmund akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akainua boksi, akaziona dadu.

"Sita na sita. Kwa hiyo aliyeliwa ni mimi?"

"Ndiyo, baba. Nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kunidanganya, mwanangu? Tena kwa kumtoa binti yangu kafara!"

Emiliana akanikazia macho. "Kumbe siku ukibanwa na wazazi, wa kutolewa ni mimi!"

Jamani! Ni kweli, ndicho nilichofanya. Iliniuma sana, na mpaka leo inaniuma.

Kikao cha kupanga harusi kimesimama. Nilimtuma mshenga akaniombee radhi, akarudi anafuta machozi kwa kicheko. Mzee amenisamehe, mradi amezwe kihalali. Emiliana bado. Amesema sasa msimulizi ni yeye, dadu atazirusha mbele ya wote, na wa kuingia majini bila mkuki ni mimi. Nikitoka mzima, ndipo tutazungumza habari za harusi.

Wenzangu mnaosimulia magemu haya, nawasihi: dadu zikisema mkwe kaliwa, mpeni pole, aliwe! Msimtoe mchumba. Na yakishawakuta, msije mkamwomba awasogezee dadu kidogo. Mimi nilimwomba jana, akakata simu.