Maksai wa Baba Mkwe

Miaka ile baada ya Mapinduzi, mchele tulipokuwa tukiupangia foleni na nyama ikipatikana kwa bahati, baba mkwe wangu alinunua ndama dume kwa mtu wa Tunguu. Ndama alifika kwetu Chukwani akiburutwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, amekonda, macho yamemtoka. Alikuwa ameshahasiwa, na baba mkwe alifurahi kwa hilo. Alisema maksai hunenepa vizuri na hasumbui.

"Huyu tutamlisha wenyewe, tumchinje Idi Kubwa ya mwakani," aliniambia. "Nimechoka kumbembeleza mwenye bucha."

Tutamlisha. Mume wangu alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Baba mkwe miguu ilimvimba. Kutoka barazani mpaka chooni ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Nikabaki mimi.

Nilikuwa nikirudi kondeni mchana, nikimnyonyesha mtoto, nikimwacha kwa babu yake, kisha nikitoka na mundu kutafuta ukoka. Mzigo wa majani mabichi ni mzito kuliko kuni, na maji yake hukuchuruzikia shingoni. Nikiutua bandani, maksai aliumaliza nami bado nimesimama nikipangusa uso. Halafu ananitazama.

Kila Jumatatu nilikwenda mjini, kwa shangazi yangu Mkunazini. Yeye na jirani zake walinikusanyia machicha ya nazi na maganda ya muhogo na ndizi. Nilirudi na debe limejaa, chicha limeanza kuchacha, na utingo wa gari la shamba akinilazimisha nikae nyuma kabisa.

"Bibie, hicho ulichobeba kinanuka," alinambia siku moja mbele za watu.

"Ni chakula," nilimjibu.

Kiangazi kilipokuja, ukoka ulikauka wote karibu na nyumba. Nikawa nakwenda mbali, mpaka mabonde ya ndani, narudi na kifurushi cha kukumbatia kwa mkono mmoja. Jioni moja baba mkwe alikuwa barazani, mtoto amemlalia kifuani. Alikitazama kile kifurushi.

"Majani machache leo, mwanangu. Atalala na njaa huyu."

Niliuweka mundu chini. Katika nyumba ile sikuwahi kumjibu, lakini siku hiyo maneno yalitoka yenyewe, tena kwa sauti ndogo.

"Na mimi, baba? Nnalala na nini mimi? Tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza kama nshakula."

Nilimchukua mtoto wangu nikaingia ndani, nikalala na nguo zangu za kondeni, nikiyaogopa niliyoyasema.

Asubuhi nilisikia kitu kikivunjika uani. Baba mkwe alikuwa amekaa chini ya mfenesi, miguu ameinyoosha mbele, anavuta matawi ya chini kwa bakora yake na kuyachuma majani moja moja. Alikuwa amejivuta kwa makalio kutoka mlangoni mpaka pale. Alama ilikuwa mchangani. Maksai alikuwa akila karibu na mkono wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna chai jikoni, nimeichemsha. Kunywa kwanza."

Ilikuwa baridi na haina sukari. Nilikunywa nimesimama mlangoni, nikimtazama anavyohema.

Tangu hapo asubuhi ilikuwa yake na jioni yangu. Hatukulizungumza. Mvua zilirudi, ukoka ukaota, na maksai akajaa, mgongo ukawa bapa kama kitanda. Mimi nilizidi kukonda, shangazi akidhani naumwa.

Siku ya Idi baba mkwe alishikwa mabega na wanaume wawili akachinja kwa mkono wake. Nyama iligawiwa kwa jirani na mafukara, na nyingine nikaipeleka Mkunazini. Sarara, ile nyama laini ya mgongo, baba mkwe aliiweka kando, hakuruhusu mtu aiguse. "Ya mama mtoto hiyo," aliwaambia.

Nilibandika pilau motoni, nikakaa kwenye kibao nisubiri, na usingizi ukanichukua. Wanawake wa jirani ndio walioipakua. Nilipoamka watu walikuwa wameshakula na kuondoka, sahani yangu imefunikwa kwa kawa. Nilikula peke yangu, polepole. Nyama ilikuwa laini, na sikuweza kuimaliza.

Siku chache baadaye baba mkwe aliniita.

"Naam, baba."

"Yule mtu wa Tunguu ana ndama mwingine."

Nilimtazama, nikaitazama na miguu yake.

"Kuku, baba," nilisema. "Tufuge kuku."

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Mume wangu aliporudi kutoka Tanga, alikuta kuku uani na banda la ng'ombe limeshageuzwa kuni.