Programu ya mimba niliyoitengeneza mwenyewe ndiyo iliyonitoa kwenye ndoa

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka 27, ni wa hapa Mpanda, Kashaulili. Naandika nikiwa kwa wazazi wangu, mtoto mchanga mapajani, na nina hasira.

Nilisomea kompyuta. Nilipoolewa nikatengeneza programu ya simu ya kuhesabu wiki za ujauzito: unaandika tarehe ya hedhi ya mwisho, inakuambia mimba imefika wapi. Niliijaribu kwenye simu yangu mpya tu, ikakubali. Nikamwekea na mume wangu kwenye simu yake ya zamani, tufuatilie pamoja.

Yeye ananunua mpunga. Tangu mwezi wa nne alikuwa Majimoto, akarudi mwishoni mwa wa saba. Mwezi wa tisa nikapima, nina mimba. Kwa furaha nikaandika 5/8, yaani tarehe tano mwezi wa nane, ikaingia hadi kwake. Simu yangu ikasema wiki ya tano. Yake ikasema wiki ya kumi na nane, yaani mimba ya tangu mwezi wa tano.

"Mwezi wa tano mimi niko Majimoto," akaniambia. "Wewe ulikuwa na nani?"

Nilimwonyesha simu yangu, hakutaka kuiangalia. Kesho yake akaita kikao, wazazi wake na wangu, akainua simu yake na kuniita malaya. Mama mkwe akadakia: "Nyie wasomi mnatuona wajinga. Dude umelitengeneza mwenyewe, leo limekuumbua ndiyo linakosea?" Baba yangu aliinamisha kichwa mpaka kikao kinaisha. Nikafungashiwa nguo.

Siku mbili nilitafuta kosa, nikalipata. Niliiachia kila simu isome tarehe kwa mtindo wake. Mfumo wa simu yake ni wa zamani, haujui Kiswahili, ukasoma mwezi kwanza kama Wamarekani. Tarehe tano mwezi wa nane ikawa tarehe nane mwezi wa tano. Kosa la kijinga kabisa, na ni langu. Nikarekebisha, nikamtumia. Akajibu, "Umebadilisha ili ujisafishe." Akaniblock.

Kwa hesabu yake mtoto angezaliwa mwezi wa pili. Kazaliwa mwezi wa tano, katimia, kilo tatu. Ndipo juzi bwana mkubwa, huyo mume wangu, akaja, akasimama mlangoni.

"Rudi nyumbani. Ila kikao kikae tena, uwaambie wazee programu yako ndiyo ilikosea, uombe radhi. Mimi nilisoma kilichoandikwa."

Kinachonichoma ni kwamba kuhusu programu anasema kweli. Lakini haikuwa programu iliyonitukana mbele ya baba yangu. Mama anasema nimeze, mtoto apate baba.

Nishaurini ndugu zangu. Niende nikamwombe radhi mtu aliyeondoka hapa bila hata kuuliza mtoto anaitwa nani?