Maharagwe ya Koko na Meteo ya Baba

Kila mwaka, mwezi wa tano unapoelekea ukingoni, baba yangu hugeuka kituo cha hali ya hewa. Miezi mingine yote yeye ni mstaafu kama wastaafu wengine wa mtaa wetu hapa Goma: anakunywa chai, analalamikia vumbi, anatuuliza nani amehamisha miwani yake iliyo usoni pake. Lakini watu wakianza tu kuulizana kiangazi kitaingia lini, anasogeza kiti mpaka kizingitini, anaweka redio magotini, na kuanzia hapo humwambii neno usipewe utabiri. Ukimwambia chumvi imekwisha, atakujibu kwamba upepo leo unatoka upande wa Sake.

Ujuzi wake anasema aliupata barabarani. Miaka mingi aliendesha lori kati ya Goma na Butembo, na dereva wa njia ile, kwa maelezo yake, anaijua mvua kuliko anavyomjua mkewe. Mama akisikia hivyo huguna tu na kuendelea na kazi.

Redio moja ya mjini husoma asubuhi utabiri wa msimu, ambao sisi tunauita meteo. Msomaji wake ni mtu wa tahadhari. Kila sentensi yake ina “huenda”, na nyingine zina “huenda” mbili. Baba huzitoa zote kama mtu anayechambua mchele, kisha hutuletea zilizobaki zikiwa safi. Mwaka ninaousimulia, redio ilisema huenda mvua zikakatika mapema, na huenda jua la mwezi wa sita likawa kali kuliko tulivyozoea. Baba alizima redio papo hapo, kwa sababu ya kulinda betri, akaingia jikoni tulipokuwa.

“Mvua imeisha,” alisema. “Meteo imesema. Jua inaanza.”

“Imesema imeisha, ao imesema inaweza kuisha?” Mama aliuliza.

“Ni kitu kimoja.”

Kwa watu wengine labda ni kitu kimoja. Kwa Mama, mwaka ule, neno hilo dogo lilikuwa na uzito wake, na sababu ilikuwa maharagwe.

Mama ana shamba Kibumba, kule juu kwenye baridi. Humo hupanda viazi, vitunguu, na maharagwe fulani ambayo sokoni huyaoni. Ni ya kutambaa, mekundu meusi yenye mstari mweupe tumboni, na sisi tunayaita maharagwe ya Koko, kwa sababu nyanya yetu, mama yake Mama, ndiye aliyeyaleta kutoka upande wa Butembo alipomfuata binti yake huku. Koko alifariki nikiwa bado shuleni. Nguo zake ziligawanywa, sufuria zake zikatoboka, na picha yake pekee iliungua na nyumba yetu ya zamani mwaka lava iliposhuka mjini. Mbegu ndizo zilizobaki, maana siku ile Mama alikimbia akiwa amezifunga kiunoni. Kila msimu huzipanda tena na kutenga za msimu ujao. Lakini msimu uliotangulia, mvua ya mawe ilipiga Kibumba, ikalaza kila kitu, na Mama akaokoa mbegu za kupanda kipande kimoja tu, kidogo, pembeni ya shamba. Kipande hicho kikiharibika, basi. Hakuna mtu mwingine aliye nazo. Alikuwa ameuliza mpaka Butembo.

Kwa hiyo swali la mwaka ule halikuwa la maongezi ya kizingitini. Ang’oe maharagwe sasa, ayashushe mjini yakauke kwenye jua letu, maana Kibumba ukungu haukaushi kitu? Au asubiri wiki moja, aone kama kweli mvua imekata? Mama alitaka kusubiri. Baba alitaka kusikilizwa. Aliisema meteo yake chai ya asubuhi, akairudia wakati wa ugali, akaisema tena mbele ya wageni, mpaka Mama akachoka, akapanda gari la Kibumba na kurudi na magunia.

Tuliyatandaza uani juu ya shitingi, ile turubai nyeupe ambayo kila nyumba ya Goma inayo na hakuna anayekumbuka ilitoka wapi. Uani kwetu si udongo. Ni lava iliyoganda, nyeusi, ya kukwaruza, yenye nyufa ambazo kijiko kikidondoka ndani hukioni tena. Siku chache jua liliwaka vizuri sana, na Baba akawa havumiliki. Alipita kando ya shitingi mikono nyuma, akitazama anga kama mtu aliyeiagiza dukani na kuletewa ileile. Maganda yakakauka, tukayapiga fimbo, tukapepeta, na asubuhi moja mbegu zikawa zimelala peke yake kwenye turubai, zinang’aa. Mama aliinama, akachota kiganja, akazirudisha taratibu. Akasema anaenda sokoni.

“Wingu ikikuya, mukunje shitingi mbio,” alituambia. “Musingoje mutu.”

Mchana jirani yetu, mzee wa Rutshuru aliyezeeka pamoja na Baba huku wakibishana, aliegemea ukuta wa mawe unaotutenganisha, na mchezo wao wa kila mwaka ukaanza. Mchezo wenyewe ni nani aliona hali mbaya zaidi ya hewa. Baba alifungua kwa mvua iliyowakwamisha kwenye mteremko wa Kanyabayonga, matope mpaka kwenye vioo, na utingo wake akapanda mboga ya sombe kando ya lori na kuivuna kabla hawajanasuka. Jirani akajibu kwa mawe ya Rutshuru, kila jiwe kama yai, yaliyompiga mbuzi dume mpaka akasahau njia ya nyumbani. Baba akaleta kiangazi ambacho vidimbwi vya njiani vilikauka vyote na vyura wakaomba lifti. Jirani akasema vyura hao anawajua, walishukia kwake. Mimi nilikuwa nikifua nguo, nacheka mpaka sabuni inanitoka mkononi, na ndiyo maana sikutazama kaskazini mapema.

Nilipotazama, upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa moto, palikuwa na kitu cheusi, kinene, kinachopanda. Kisha kikanguruma.

“Papa, ile ni mvua?”

Baba alikunja macho. Kumbuka alikuwa ametangaza kwamba mvua imekwisha, tena mbele ya wageni. Mvua haikuwa na ruhusa ya kuja.

“Hapana,” alisema. “Ile ni moshi ya mulima. Volkano inapumua tu.”

“Na ile ngurumo?”

“Ni mulima yenyewe. Hausikii? Inatoka chini.”

Jirani naye akageuka, akanusa hewa kwa utaalamu, akasema hata harufu ya kiberiti anaipata. “Ni volkano tu,” alinihakikishia juu ya ukuta. “Usiogope, mama.”

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitulia. Nimewahi kumsimulia mgeni mmoja kisa hiki, akaniomba nirudie hapo, akidhani nimekosea. Kwingine duniani mtu akiambiwa mlima wa moto unatoa moshi mweusi na kunguruma, anabeba watoto na godoro. Sisi tuliambiwa ni volkano, tukashusha pumzi, tukarudi kwenye mazungumzo. Jirani alikuwa ameanza habari ya upepo uliong’oa paa la kanisa padri akiwa bado kwenye mahubiri.

Jiwe la kwanza lilipiga bati na kuruka. La pili lilimpiga jirani kwenye kipara.

“Haina volkano!” alipiga kelele, akatoweka nyuma ya ukuta.

Mawe ya barafu yalimwagika yote kwa mara moja. Tulikimbilia shitingi, mimi pembe moja, Baba pembe nyingine, lakini maji yalikuwa yameshaingia katikati na turubai ilikuwa nzito kama ng’ombe aliyegoma. Tuliivuta, ikajikunja vibaya, ikamimina. Niliona mbegu zikipita miguuni mwangu katika maji na barafu, nyekundu na nyeupe, zikiingia kwenye nyufa za lava moja baada ya nyingine. Baba alipiga magoti akijaribu kuziba ufa kwa viganja. Mawe yalimpiga mgongoni, hakuinuka. Alikuwa akisema “ngoja, ngoja, ngoja”, sijui akiiambia mvua au mbegu. Hapo sikucheka.

Mama alirudi amelowa. Alisimama mlangoni pa uani, akatazama, akachukua beseni, akaanza kuokota. Tuliokota wote mpaka giza likaingia. Zilizopatikana zilikuwa zimepasuka na kuvimba, na baada ya siku chache zikaoza kwenye sinia. Jirani naye akaleta pole, pamoja na habari ambayo angeweza kubaki nayo: asubuhi ile ya utabiri, redio iliendelea kusema. Baada ya Baba kuizima, ilisema huenda mvua ya mawe ikaanguka sehemu za karibu na milima kabla mvua hazijakata.

Mama hakugomba. Ningependa angegomba, maana nimezoea kugomba kwake na najua mahali pa kujificha. Aliacha tu kuzungumza na Baba. Walikuwa wakikaa meza moja naye akiniambia mimi: “Umuambie baba yako chumvi iko pembeni yake.” Nilimsikia mara moja chumbani akisema na marehemu mama yake, kwa Kinande cha kwao, akiomba radhi. Ukiondoa zile mbegu, Mama hakuwa na kitu hata kimoja ambacho mikono ya Koko ilikigusa.

Na jua, kwa ukorofi wake, likatoka kesho yake na halikuondoka tena. Kiangazi kiliingia rasmi, kikali, sawasawa na utabiri. Baba hakukisherehekea. Redio alikuwa ameiweka juu ya kabati, na kiti chake kilitazama ukuta wa uani.

Ni kiti hicho kilichomwezesha kuona. Asubuhi moja alituita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya lava, mwanaume mzima na kitambi chake, shavu kwenye jiwe, jicho moja ndani ya ufa. Mle chini, kwenye vumbi na majivu yaliyojikusanya miaka yote, kulikuwa na shingo ya kijani imeinama. Kulikuwa na nyingine karibu na choo. Nyingine chini ya kamba ya nguo. Mbegu zilikuwa zimekunywa maji ya mvua ile ya mwisho, zikaota.

Mama alikuja, akachuchumaa, akatazama.

“Zitakauka,” alisema, bila kumtazama mtu. “Haina tena mvua.”

Na kweli. Tangi letu la maji ya mvua lilikuwa limeanza kutoa mwangwi. Sasa maji yote ya nyumba yalitoka ziwani, na mambo ya maji, nyumbani kwetu, Baba alikuwa ameyatolea hukumu zamani: kubeba bidon, madumu ya maji, ni kazi ya vijana, yeye alishabeba mizigo ya kutosha kwa lori. Kesho yake nilipoamka, bidon moja ya njano haikuwepo, na yeye pia hakuwepo. Alirudi jua likiwa limeshapanda, anahema, suruali imelowa upande mmoja, anasimama kila baada ya nyumba mbili.

Mtaa mzima ulipata burudani. “Muzee, unabebea nani maji?” walimuuliza.

“Maharagi.”

“Maharagi iko ku moto?”

“Iko ndani ya mawe.”

Waliamua kwamba uzee umempata vibaya. Alienda tena kesho yake, na siku iliyofuata, kiangazi kizima. Alimwagilia kwa kikombe, ufa kwa ufa, kama mtu anayelisha wagonjwa. Mimea ilipanda juu ya kamba ya nguo, Baba akapiga marufuku kuanika. Mmoja ulipanda mlango wa choo, na kwa majuma kadhaa choo hakikufungwa; ukiingia unaimba ili watu wajue. Jirani alitupigia simu ya furaha akiwa upande wa pili wa ukuta: mmoja ulikuwa umetokea kwake, na Baba akawa anaruka ukuta na kikombe chake. Kuhusu anga, hakusema neno. Ukimuuliza kama leo jua litawaka, alikuwa akijibu: “Huenda.”

Mwezi wa tisa ulipoingia, maganda yalikuwa yamekauka mahali pake. Mama aliyachuma mwenyewe, akaketi uani, akayapasua juu ya kanga. Mbegu zilijaza sahani na kubaki kidogo. Nyekundu nyeusi, mstari mweupe tumboni. Baba alikuwa amesimama mbali, bidon mkononi, hajui kama aende au abaki. Upande wa mlima palikuwa na wingu.

Mama akafunga kanga fundo, kama alivyolifunga siku ya lava. Kisha akainua uso, akamuuliza yeye mwenyewe, bila kunipitisha mimi:

“Muzee, kule Kibumba tupande siku gani?”

Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumuuliza hilo. Baba alitazama mlima. Alitazama wingu. Nilimwona akifungua mdomo, na meteo yote ikiwa imejipanga nyuma ya meno, nikashika kichwa. Lakini aliufunga tena, akatazama bidon.

“Pandeni siku yenye munataka,” alisema. “Mvua ikikosa, maji nitabeba.”

Kutoka ziwani mpaka Kibumba! Hata gari hupanda kule likilalamika. Mama alimtazama na suruali yake iliyolowa, na kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka akaifunika kanga kwa mikono yote miwili, mbegu zisimwagike.