Mikwaruzo Kwenye Lenzi za Faudhia

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, Faudhia Mbaruku anachota unga wa kung'arishia lenzi, anaukoroga kwenye bomba la kioo lenye maji na kuukazia macho. Kopo ni jipya, lakini haliamini.

"Lebo haing'arishi lenzi," anasema.

Mzaliwa huyu wa Tanga, mwenye miaka 31, alikuja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo. Alipohitimu, aliajiriwa katika karakana moja inayotengeneza lenzi za hadubini zinazotumika katika upasuaji wa macho. Vinundu vinavyobaki juu ya kioo havitakiwi kuzidi nanomita moja. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000.

Machi mwaka jana, lenzi 17 kati ya 40 zilitoka na mikwaruzo. Laoban, yaani bosi, akaamini kuna anayeziharibu makusudi. Alimpa kila fundi karatasi aandike jina la anayemshuku.

"Nilimwandika Calvin," anakiri Faudhia.

Calvin Ouma, Mkenya, ndiye jirani yake wa meza. Alikuwa akifika mapema kuliko wote, na ilisemekana mkataba utakaoongezwa ni wa mmoja wao tu. Anayeachwa hana kibali cha kuishi China.

Kwa wiki mbili hawakula pamoja. Faudhia alihesabu lenzi zake hata alipokwenda msalani, na akirudi alizihesabu tena.

Siku moja alichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana. Akakuta unga aliouacha umekorogwa umetuama wote chini. Unga laini huelea kwa saa nyingi. Huu ulikuwa na chembe nene, zinazokwaruza kioo. Kumbe stoo ilibadilisha muuzaji bila kuwaambia mafundi.

Unga ukabadilishwa, mikwaruzo ikaisha, mikataba yote miwili ikaongezwa. Hakuna aliyeombwa radhi.

Ilimchukua miezi mitano kumweleza Calvin kwamba alimwandika. Walikuwa kwenye mgahawa wa tambi.

"Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema, 'Hata mimi niliandika jina lako.'"

Mwakani wanapanga kwenda Tanga kufungua karakana ya kutengeneza hadubini za hospitali. Wameshapata chumba.

"Unga ulituponza, lakini majina tuliyaandika wenyewe," anasema Faudhia. "Kwa hiyo stoo itakuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja wake, mmoja wangu."