Kidonge cha Daku

Mama yangu ana mtu anayemwambia kila kitu, na mtu huyo si mimi. Ni somo yake, mwanamke wa Nyamisati aliyemfunda alipovunja ungo. Leo mama ana miaka arobaini na saba, na bado somo humwita "mwali wangu". Akija kwetu Mtunda na kikapu chake cha kamba wakavu, wawili hao hutandika mkeka uani, nyuma ya jiko, wakacheka. Nikitokea mimi, kicheko hukatika.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, profesa. Umekuja kutusahihisha?"

Kosa langu linajulikana. Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilikataa kuchezwa unyago. Nilimuuliza bibi ni kitu gani kinachofundishwa ndani kisichoweza kuandikwa kitabuni, akaendelea kupepeta mchele, nami nikadhani nimeshinda. Baba alikuwa upande wangu kwa sababu ya mitihani. Kwa hiyo sina somo, na mbele ya wanawake wa kwetu mimi ni msungo: msichana asiyechezwa, ambaye mambo ya ndani hayasemwi mbele yake. Nina miaka ishirini na sita na shahada ya takwimu. Msungo.

Mimi nilichokuwa nacho ni tezi ya mama. Miaka miwili iliyopita mama alipoanza kuchoka bila sababu, ni mimi niliyempeleka hospitali Kibiti, na ni mimi niliyemwelewa daktari aliposema tezi ya shingo imelegea, atahitaji kidonge kimoja kidogo cheupe kila siku, maisha yake yote. Nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza nikaandika: asubuhi, tumbo tupu, maji matupu, asile mpaka nusu saa ipite. Kila kipimo cha damu nilikiandika humo. Nililipenda daftari lile kuliko ilivyostahili. Ugonjwa ulikuwa mlango wa mimi kuingia kwa mama, na somo hakuwa na ufunguo wake.

Ramadhani iliyopita mama akawa mzito tena. Asubuhi uso ulikuwa umevimba, na alijifunika kanga mbili katika joto lililowafanya hata mbuzi waheme. Siku za mwisho za mfungo nikampeleka kupima. Dawa haitoshi, daktari akasema, akaongeza dozi. Nikaandika. Mimi ninayehoji kila kitu, siku hiyo sikuhoji chochote.

Kuna jambo jingine niliona mwezi huo ambalo sikuliandika. Kwenye nyumba yenye wanawake, mfungo hauna siri. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, na mchana utamkuta jikoni akila kiazi, ameupa mlango mgongo. Mama alifunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja. Nilijua maana yake. Nikasubiri aniambie.

Baada ya Idi mambo yakageuka. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu. Mikono ilimtetemeka akichambua mchele. Jasho lilimtoka mpaka kanga ikalowa, akaivua, na dakika tano baadaye akaitafuta. Alikonda. Usiku halali. Siku moja alimfokea baba kwa sababu ya mlio wa kijiko kwenye kikombe. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma, na kila dalili nikaikuta ina wenyewe wawili. Dozi ikizidi, moyo huenda mbio, jasho hutoka, usingizi hupotea. Hedhi ikielekea kukoma, ni vilevile. Nilihitaji jibu moja tu.

"Mama, siku zako unaziona?"

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Siku zipi?"

"Unazijua."

"Ebo! Mtoto wewe, huna haya? Ndiyo mliyofundishwa huko chuoni?"

Jioni nikamsikia kwenye simu, kwa sauti ya chini: "Somo yangu, hebu njoo."

Kesho yake kikapu cha kamba kikawa uani. Nakiri kwamba niliwasikiliza. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikisugua sufuria moja muda wote. Maneno sikuyapata, nilipata kicheko tu, kile cha mama cha chini kabisa, cha tumboni, ambacho sijawahi hata siku moja kumchekesha mimi. Nilitamani somo awe amekosea. Ni aibu kuandika hivi, lakini kwa dakika ile nilitamani hilo kuliko nilivyotamani mama apone.

Nikatoka na sufuria mkononi. "Ni dawa. Dozi imezidi, inabidi arudi akapime."

"Ni utu uzima," somo akasema. "Joto hili mie nimelipita, msungo. Lilinikamata nikianika kamba, nikavua mpaka mtandio. Halina dawa ya dukani."

"Na moyo kwenda mbio?"

"Wangu ulicheza ngoma."

"Na kukonda? Wewe ulikonda?"

Akajitazama kiunoni, upande huu, kisha upande ule. Mama akaangua kicheko. Somo naye akacheka. "Hapo umenishika. Haya, tuseme ni dawa. Mbona Ramadhani alikuwa akiinywa na uji wake wa maziwa, na wala haikumdhuru?"

"Na nini?"

"Na uji. Si nilikaa hapa nusu ya mfungo? Daku tulikula pamoja. Kidonge, uji, kiporo cha wali, chai ya maziwa. Ulitaka akinywe asubuhi afungue?"

Niliweka sufuria chini. Daftari langu lilisema asubuhi, na asubuhi mama alikuwa amefunga. Kwa hiyo alikihamishia kidonge kwenye daku, akakimeza katikati ya chakula, na chakula hukizuia kuingia mwilini. Damu ikaonyesha dawa haitoshi, dozi ikaongezwa. Idi ilipopita mama akarudia asubuhi, tumbo tupu kama nilivyoandika, na dozi kubwa ikaingia yote. Somo alikiona kidonge kikinywewa na uji kila alfajiri. Mimi saa za daku nilikuwa nimelala. Saumu yangu ni ya maswali kuliko ya njaa, na baada ya siku tatu za kwanza hakuna aliyenigongea mlango tena kuniamsha.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hilo hukuuliza," mama akasema. "Ulikuwa unauliza ya ndani."

Tulikwenda Kibiti watatu, kwa bodaboda mbili. Mama na somo walipanda moja. Mlangoni kwa daktari nesi akasema mgonjwa aingie na mtu mmoja. Mama alinitazama mimi, akalitazama daftari, kisha akamshika somo mkono. Nikaketi kwenye benchi, nikifungua na kufunga kurasa nilizozijua kwa moyo.

Mlango ukafunguka. "Njoo, msungo," somo akaniita. "Anauliza dozi iliongezwa lini, na mwandiko wako sisi hatuuwezi."

Nikaingia. Nikaeleza tarehe, daku, uji. Daktari alisikiliza, akaagiza damu, na kusema kwamba Ramadhani ijayo tumuulize kabla ya kubadili saa. Kisha akamuuliza mama kuhusu hedhi. Mama akanigeukia, kwa upole kabisa.

"Hebu tupishe kidogo, mwanangu."

Nikatoka. Somo akabaki.

Majibu yalipotoka, daktari alipunguza dozi na kutuambia tupime tena baada ya wiki kadhaa. Wiki zikapita, moyo ukatulia, mikono ikaacha kutetemeka. Jasho halikuisha. Daktari alikuwa ametuonya kwamba linaweza kubaki, kwani dozi haikuwa sababu yake pekee. Somo alikuwa sahihi kwa nusu yake, na mimi kwa nusu yangu, na sikufurahia nusu yangu hata kidogo.

Asubuhi moja mama alikuwa kwenye mbuzi ya nazi, mimi namenya mihogo kando yake. Jasho likamshika, akapunga uso kwa ncha ya kanga. Bila kuniangalia akasema:

"Miezi mitano sasa sijaona."

Kisu kikasimama mkononi. Daftari lilikuwa dirishani, karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza sikulifuata. Nilipaswa kunyamaza, au kusema neno jema. Nikauliza:

"Somo anajua?"

Mama akacheka, kile cha chini, cha tumboni. "Alijua kabla yangu."

Nikaendelea kumenya. Nilikuwa nimemchekesha, na hata kicheko hicho kilikuwa na somo ndani yake.