Waya Iliyovutwa Darini

Nsimire, karani wa ofisi moja ya mtaa wa Himbi, alijifungia mwenyewe rezo, mtandao wa intaneti, nyumbani kwao kwa kufuata video kwenye simu. Sebuleni intaneti ilipita vizuri, ila haikupenya kuta za mawe ya volkano hadi chumba cha nyuma, alikolala baba mkwe wake, Muzee Zihindula.

"Acha tu," muzee alimwambia. "Miye ni mutu wa radio."

Nsimire hakuacha. Jumamosi moja muzee alipokwenda kanisani, yeye alipanda ngazi, akaondoa kipande cha dari, akaanza kusukuma waya kuelekea nyuma. Ilikwama. Alipoisukuma tena, ikavutwa kutoka upande wa pili.

Akamulika kwa simu. Chini ya mabati alilala mwanamume mwenye ndevu nyingi, ameshika waya.

"Shemeji, usipige makelele. Ni miye, Donat."

Donat, mdogo wa mume wake. Alipotea wakati wa mapigano mjini, wakamfanyia matanga bila maiti. Mke wake Olive alikuwa uani saa hiyo akifua, bado amevaa nguo nyeusi.

Donat akamweleza kwa kunong'ona: watu wenye bunduki walikuwa wakimtafuta, baba yake akamficha na kumgawia sahani yake.

"Na Olive?"

"Hajui. Papa alisema akijua, kilio chake hakitaaminika."

Muzee aliporudi alikuta dari wazi. Akaketi kitandani bila kuvua kofia.

"Muzee, ulilia pamoja nasi," Nsimire alisema.

"Nililia kweli, mutoto wangu. Kila siku niliogopa."

Nsimire akamwita Olive. Olive alisimama mlangoni akimtazama mume wake akishuka ngazi, utando wa buibui nyweleni. Hakumkumbatia. Alimgusa shavu kwa vidole vyenye povu, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Papa, nilinyoa kichwa."

Akatoka, akaketi chini kando ya beseni, akabaki akitazama maji.

Baadaye Donat alivuka mpaka, Olive na watoto wao wakamfuata Kampala. Nsimire alimaliza kupitisha waya, na kila Jumapili wanawapigia simu ya video kutoka chumba cha nyuma. Olive huwasalimu wote kwa zamu. Simu ikifika kwa muzee, Olive huwapa watoto ile yake, akaenda kuangalia sufuria.